Pakiti Kumi na Nane

Wiki ya kwanza mtoto alikuwa na kilo 6.1. Wiki ya pili, kilo 6.1. Wiki ya tatu, kilo 6.0. Nilimtoa kwenye mizani, nikamrudisha, nikasubiri mshale utulie. Ukatulia palepale. Alikuwa na miezi 14. Mamake alikuwa amesimama karibu na dirisha, shuka begani, akiniangalia mimi, sio mizani.

Hesabu yangu ilikuwa wazi. Kila Jumatano alikuwa anatoka pale na pakiti 18 za Plumpy'Nut, ile siagi ya njugu iliyochanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500. Mtoto wa uzito ule akila pakiti zake zote, anafaa kuongeza angalau gramu 200 kwa wiki. Huyu alikuwa amepunguza 100. Na wikendi iliyotangulia nilikuwa nimeona pakiti mbili za plampi kwenye kioski, zimepangwa kando ya biskuti.

Kwa hivyo nikamuuliza, mbele ya foleni nzima ya akina mama: "Mama, hii dawa unaiuza?"

Aliyekuwa ananitafsiria Kimaa alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Yeyo, na mimi nikamwita hivyo pia. Alinyamaza kidogo. Alinitazama kama mtu anayekupa nafasi ya kusema ulikuwa unatania. Sikusema. Akatafsiri.

Mama hakujibu. Alimfunga mtoto mgongoni, akachukua pakiti zake 18, akaondoka. Mimi nikachukua kalamu nikaandika kwenye kadi: *Mtoto haongezeki uzito. Mama hafuati maagizo. Huenda anauza.* Nikatia sahihi yangu, ambayo wakati huo nilikuwa bado naifanyia mazoezi.

Wiki ya nne hakuja.

*

Sikuwa nimepanga kusomea lishe. KCSE ilinipa C bila jumlisha, na Kenya kile kialama cha kujumlisha ndicho kinachotenganisha anayeitwa chuo kikuu na anayeanza kuulizwa na mashangazi, "Sasa unafanya nini?" Nilikaa nyumbani Kitengela mwaka mzima nikimsaidia mathe kwa kibanda chake. Alfajiri mandazi, saa nne chapati na madondo, mchana githeri. Wateja wake ni watu wa EPZ wanaotembea kwenda shifti, makanga, mafundi wa mjengo. Kitengela haiishi kujengwa, na mjenzi haishi njaa.

Siku moja nikaona chuo kimebandika tangazo: Cheti cha Lishe. Nikamwambia mathe. Akageuza chapati, akaniuliza, "Kwa hivyo unaenda kusomea kupika? Si mimi nakufunza hapa bure?"

Ilibidi nijifunze kueleza. Sio kupika, ni hospitali. Kuna sheria kabisa, ya mwaka 2007, iliyounda taasisi inayoitwa KNDI ya kusajili watu wa lishe na kusimamia mafunzo yao. Watu wenyewe wako kwa ngazi. Mwenye cheti, kama ambavyo ningekuwa mimi, ni teknishiani. Mwenye diploma ni teknolojisti. Mwenye digrii ndiye mtaalamu mwenyewe. Teknishiani yuko chini kabisa: ndiye anayeshika mizani, anayepima mkono, anayechanganya maziwa ya wodi, anayekaa na mgonjwa kumweleza ale nini na aache nini. "Kwa hivyo wewe ndio utakuwa unaongea na watu," mathe akasema. Nikasema ndiyo. Akasema hiyo ni kazi ngumu kuliko kupika.

Sikumsikiza vile.

Chuoni nilipenda. Sikutarajia, lakini nilipenda. Nilipenda kujua kwa nini mtu aliyekaa na njaa muda mrefu hapewi sahani iliyojaa siku ya kwanza: mwili uliozoea kukosa ukishtuliwa na chakula kingi, chumvi za damu zinavurugika na moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana mtoto aliyelazwa akiwa hali mbaya huanza na maziwa mepesi yanayoitwa F-75, polepole, kabla ya kupanda kwenye F-100. Nilipenda kujua kwamba neno kwashiorkor si la Kilatini, ni la Kiga, lugha ya Ghana. Daktari Cicely Williams alilichukua kwa akina mama wa huko miaka ya 1930, na maana yake ni ule ugonjwa unaompata mtoto wa kwanza wa pili anapofika. Akina mama walikuwa wameshajua chanzo na kukipa jina kabla daktari hajakiandika kwenye jarida.

Tulipimana sisi kwa sisi. Tulijifunza kubonyeza miguu ya mtoto kwa kidole gumba sekunde tatu ili kuona kama shimo linabaki, kwa sababu uvimbe unaweza kukudanganya ukaona mtoto amenona. Tulijifunza mkanda wa rangi tatu unaozungushwa katikati ya mkono wa juu wa kushoto. Zaidi ya sentimita 12.5 ni kijani. Kati ya 11.5 na 12.5, njano. Chini ya 11.5, nyekundu. Kitu chepesi vile, kinakunjwa kinaingia mfukoni, na kinakwambia nani yuko karibu na kufa.

Jioni nikirudi nyumbani nilikuwa nabeba maarifa yangu yote na kuyamwaga pale kibandani.

"Mama, haya mafuta umeyarudia mara ngapi?"

"Na wewe karo umelipa mara ngapi?"

Siku nyingine nilimkuta akitia magadi kwenye githeri. Nikamwambia magadi yanaua vitamini B1, tumesoma leo. Akaniuliza mkebe wa makaa ni pesa ngapi. Nikamtajia. Akaniuliza maharagwe bila magadi yanachukua saa ngapi motoni. Sikuwa na jibu, kwa sababu swali hilo halikuwa kwenye notisi. Akatia magadi, akafunika sufuria. Nilienda kulala nikiwa na hakika kwamba mimi ndiye niliyekuwa sawa.

*

Barua ya atachimenti ilinipeleka Septemba 2022 kwenye zahanati moja ya upande wa Oltepesi, barabara ya Magadi. Kutoka Kitengela unapanda matatu hadi Isinya, nyingine hadi Kiserian, halafu ya tatu inayojaa polepole, magunia ya unga na mikungu ya ndizi juu, kabichi chini ya viti. Ukipita Kona Baridi upepo unakupiga, mitambo ya umeme ya Ngong inazunguka nyuma yako, halafu barabara inaanguka tu. Masikio yanaziba. Sweta linatoka. Bonde la Ufa linafunguka mbele, hudhurungi mpaka mwisho wa macho.

Oltepesi ni jina la mti: ule mgunga wenye kichwa bapa kama mwavuli, unaoonekana kwenye kila picha ya utalii. Mwaka huo ilikuwa kama miti ndiyo peke yake iliyobaki. Mvua zilikuwa zimekosa tangu mwisho wa 2020, msimu baada ya msimu, na hata za mwisho wa mwaka huo zingekuja kukosa pia. Misimu mitano mfululizo. Rais alikuwa ametangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021, na mwaka mmoja baadaye mimi nilikuwa napita kando ya mizoga ya ng'ombe iliyokauka ikawa kama mahema madogo ya ngozi.

Mbele kidogo kwenye barabara hiyohiyo kuna Olorgesailie, pale Louis na Mary Leakey walipokuta shoka za mawe zimetapakaa chini kwa mamia. Watu wamekuwa wakichinja na kula kwenye lile bonde kwa mamia ya maelfu ya miaka. Na kuna jambo jingine, ambalo mwalimu wetu alilitaja mara moja tu kisha akaendelea na somo, lakini mimi lilinikaa. Mwaka 1931 kulichapishwa Uingereza utafiti wa John Boyd Orr na J. L. Gilks, ambao walilinganisha miili ya Wamaasai na Wakikuyu na vyakula vyao. Wamaasai, wa maziwa, nyama na damu, walionekana warefu zaidi, wazito zaidi, wenye nguvu zaidi. Ni kati ya tafiti za zamani za lishe zilizosomwa sana, na Boyd Orr alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO na kupata Nobel ya Amani mwaka 1949.

Yaani sayansi niliyokuja kuwafundisha watu wa pale, sehemu yake ilianza kwa kuwapima wao.

Kazi yangu ilikuwa Jumatano, siku ya watoto wa utapiamlo. Siku zingine nilikuwa napima wajawazito, najaza rejista, natoa mafunzo kwenye benchi. Kwa mafunzo nilikuwa na chati ya rangi kutoka chuoni: samaki, mayai, parachichi, karoti, maembe, mchicha. Nilikuwa naielekeza kwa rula. Akina mama walikuwa wanaitazama kwa heshima, kama unavyotazama picha za harusi ya mtu usiyemjua. Mboga za Oltepesi hutoka Kiserian kwa ile matatu ya tatu, na mchicha ukifika umeshalala. Ng'ombe wachache waliobaki walikuwa wamepelekwa mbali na wanaume kutafuta majani. Siku moja bibi mmoja alinyoosha kidole kwenye picha ya glasi ya maziwa, akasema neno moja, "Kule," na wenzake wakacheka kicheko kisichokuwa na furaha. Kule ni maziwa kwa Kimaa. Nami kwa sababu sikuelewa, nikacheka pia.

*

Kwenye rejista, mtoto asiyerudi kliniki ana jina lake. Anaandikwa mtoro. Jumatano ile ya nne, saa nane mchana, nilifungua rejista nikaandika neno hilo mbele ya namba yake. Nilikuwa nimeliandika nusu wakati Sista aliyesimamia zahanati aliposimama nyuma yangu. Alikuwa ameshaisoma kadi.

"Nani aliandika hapa kwamba anauza?"

"Mimi, Sista."

"Ulimwona?"

"Niliona pakiti dukani."

"Ulimwona yeye?"

Nilinyamaza.

Sista hakupandisha sauti. Alikuwa amefanya kazi kule miaka mingi na nafikiri alikuwa ameshachoka kupandisha sauti. Alisema, "Mtoto wa 11.2 akikaa nyumbani wiki mbili bila kuonekana, homa kidogo tu inamchukua. Wewe ndio umemfukuza mamake, wewe ndio utamrudisha. Kesho nenda na Yeyo."

Usiku huo sikulala vizuri. Ningependa kusema nilikuwa namfikiria mtoto. Nilikuwa nafikiria ripoti yangu ya atachimenti, na Sista ataandika nini.

*

Tulienda kwa bodaboda mpaka mahali njia ilipokuwa mawe tu, halafu tukatembea, karibu saa moja. Yeyo alikuwa mbele na ndala zake. Wakati huo wahudumu kama yeye walikuwa wa kujitolea. 2023 ndipo serikali ilipowapa jina jipya, mikoba ya vifaa na posho ya kila mwezi. Njia nzima hakunilaumu. Alinionyesha mti ambao vijiti vyake huchomwa kusafishia vibuyu vya maziwa, oloirien, na kunieleza kwamba ule moshi ndio unaofanya maziwa yakae bila kuharibika na yawe na harufu yake. Kisha akasema, "Nyumba nyingi hazijachoma kibuyu mwaka huu. Uchome wa nini?"

Boma lilikuwa na nyumba nne na zizi tupu. Watoto walitukimbilia wakainamisha vichwa, nikawagusa mmoja mmoja kama nilivyoona wengine wakifanya. Kwenye kivuli alikuwa amekaa bibi, nyanyake mtoto. Yeyo alimsalimu, nami nikafuata, "Takwenya, Koko." Akaitikia, "Iko," akanitazama kwa muda. Sijui kama alikuwa ameshaambiwa kunihusu. Nafikiri alikuwa ameambiwa.

Mama wa mtoto alitoka ndani. Hakuonekana kushangaa wala kukasirika. Aliingia tena, na baada ya muda akatuletea chai. Ilikuwa ya rangi, sukari nyingi, kwenye vikombe viwili vya bati. Wao hawakunywa. Nilijua mahesabu ya ile sukari kwa sababu nilikuwa nimeona bei yake dukani. Nikainywa yote. Kuacha kingekuwa kitu cha pili cha kumkosea.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilitaka kumwambia pole, halafu nimweleze umuhimu wa kumaliza dozi. Lakini kabla sijaanza, mtoto mmoja wa kike, kama miaka minne, alikuja akasimama magotini pa mamake na kunyoosha mkono. Bila kufikiri, kwa mazoea tu, mama aliingiza mkono kwenye mfuko wa ngozi uliokuwa ukutani na kutoa pakiti ya plampi iliyokuwa imeshafunguliwa, mdomo wake umekunjwa na kubanwa kwa mwiba. Akamkamulia kidogo kwenye kidole. Mtoto akalamba. Wa pili akaja. Wa tatu. Mwishowe akamchukua yule wangu, wa kilo 6.0, akamkamulia kilichobaki.

Watoto wanne. Kila mmoja kidole chake.

Nilipiga hesabu nikiwa nimekaa pale, sikuweza kujizuia. Pakiti 18 kwa watoto wanne ni pakiti nne na nusu kila mmoja kwa wiki nzima. Kalori 2,250 kugawanya kwa siku saba, kama 320 kwa siku. Alihitaji karibu mara nne ya hiyo. Mizani haikuwa imedanganya. Mama hakuwa ameuza hata moja.

Nikamwambia Yeyo amweleze kwamba ile ni dawa, ni ya mtoto mmoja, kama vile hauwezi kugawa dawa ya malaria. Ni sentensi tuliyofundishwa neno kwa neno. Yeyo akatafsiri. Mama hakusema kitu. Koko ndiye aliyejibu, taratibu, akinitazama machoni.

"Anauliza," Yeyo akasema, "wewe ungewaambia nini hawa watatu?"

Mimi, ambaye nilikuwa nimepata alama nzuri kwenye karatasi ya ushauri nasaha, nilikaa na kikombe kitupu mkononi.

Kilichonijia kichwani hakikuwa notisi. Ilikuwa ni uzi. Tulikuwa wanne kwetu pia. Kulikuwa na miaka, kabla ya kibanda, mathe akifulia watu nguo kwenye mitaa ya Noonkopir, ambapo Jumapili kulikuwa na yai moja. Alikuwa analichemsha, analimenya, halafu anachukua uzi wa kushonea, ananyoosha kwa vidole viwili na kulikata yai sawasawa vipande vinne, kiini kikiwa kizima kila upande, kwa sababu kisu kingekivuruga na mmoja wetu angepata kidogo. Mdogo wetu wakati huo alikuwa mgonjwa, mwembamba, kifua kila mwezi. Kama mtu wa koti jeupe angekuja kumwambia mathe lile yai lote ni la mdogo, sisi watatu tuangalie, nafikiri angeitikia kwa heshima, "Sawa, daktari." Halafu angechukua uzi.

Na angekuwa amekosea kwa hesabu. Hilo nalo ni kweli. Yule wa 11.2 alikuwa anaweza kufa kwa sababu ya usawa wa mamake, na wale watatu hawakuwa karibu na kufa. Sijawahi kupata namna ya kuliweka hili jambo likakaa vizuri upande mmoja.

Nilimjibu Koko kitu cha kwanza cha kweli nilichokuwa nimesema tangu nifike Oltepesi. Nilisema, "Sijui, Koko." Halafu nikasema kwamba nilimkosea mama wa mtoto mbele ya watu, na kwamba nimekuja kuomba msamaha, na kwamba kama atakubali, niwapime hao wengine.

Kulikuwa na kimya kirefu. Mama wa mtoto ndiye aliyesogea. Alimshika yule wa miaka minne akamleta mbele yangu, akamkunja shuka mkono wa kushoto.

12.1. Njano. Aliyemfuata, 12.3. Njano. Mkubwa alikuwa ameshapita miaka mitano, kwa hivyo mkanda ule haukuwa wake. Alikuwa mwembamba lakini alikuwa anakimbia. Nikampima mama pia, kwa sababu alikuwa ananyonyesha na hakuna aliyekuwa amempima. Sitaandika kipimo chake hapa. Nitasema tu kwamba nilipozungusha mkanda nilielewa kwa nini hakuwa amekunywa chai, na kwamba hesabu yangu ya watoto wanne ilikuwa na mtu mmoja ambaye hakuhesabiwa kabisa, hata na yeye mwenyewe.

*

Jumatano iliyofuata walikuja wote sita, Koko akiwa mbele na fimbo yake. Wa njano wawili na mama waliandikishwa kwenye mpango wa unga wa uji uliochanganywa na soya, ule wanaopewa wenye utapiamlo wa wastani na akina mama wanaonyonyesha. Haukuwa unapatikana kila wiki. Kuna Jumatano tuliwarudisha watu mikono mitupu, na hiyo nayo ni sehemu ya kazi ambayo haiko kwenye chati. Lakini wiki ile ulikuwepo. Sista alinifundisha kitu ambacho sikukisoma popote: unapompa mama plampi ya mmoja, kwanza muulize nyumbani kuna watoto wangapi na watakula nini. Muulize kabla ya kumpa maagizo. Yeye alikuwa amedhani nimeuliza. Ni swali la sekunde kumi.

Mimi na Yeyo tulikubaliana jambo na mama. Plampi italiwa hapo kwa Koko, ndani ya nyumba yake, asubuhi wakati wengine wanakunywa uji. Koko alijipa kazi ya kulinda mlango. Alisema kwa Kimaa kitu kilichofanya foleni yote icheke, na Yeyo akakataa kunitafsiria.

Kilo 6.2. Halafu 6.5. Wiki moja akapata kuhara akarudi 6.3, na nikarudi chumbani kwangu nikalia kama mtu aliyefiwa. Halafu 6.6. Siku yangu ya mwisho, Desemba, mkono wake ulikuwa sentimita 11.9. Ili atolewe kwenye mpango alihitaji 12.5. Sikuwepo kuona kama alifika. Nimempigia Yeyo mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza aliniambia mtoto anatembea, mara ya pili simu ilikuwa imezimwa.

Kuna kitu nilikifanya kabla ya kuondoka. Niliomba kadi. Nilitaka kuifuta ile sentensi, au niiandike upya kadi nzima kwa mwandiko msafi. Sista akakataa. Rekodi ya mgonjwa haifutwi, akasema, hata kama ni ya uongo. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili atakayesoma aone kilichokuwa chini yake, halafu unaandika ya kweli kando, tarehe, sahihi. Nikapiga mstari mmoja. *Mama hafuati maagizo. Huenda anauza.* Bado inasomeka vizuri sana. Kando yake niliandika: *Watoto wanne nyumbani, chakula hakuna. Mama anagawa. Nilikosea.* Sista akasoma, akasema "nilikosea" si lugha ya kitaalamu. Lakini hakuniambia niitoe.

*

Nilimaliza cheti mwaka uliofuata. Sasa niko kwenye kliniki ndogo hapa Kitengela, siku tatu kwa wiki, wengi wa wagonjwa wangu wakiwa na sukari au presha. Kazi za kaunti zikitangazwa naomba, kama kila mtu. Siku zingine niko kibandani.

Mwezi uliopita mathe alipimwa, presha iko juu. Nilikuwa na chati kwenye mkoba, ile ya rangi, na nilikuwa na maneno yote: chumvi, mafuta, magadi ambayo nayo ni sodiamu tupu. Nilimkuta ameinamia sufuria ya maharagwe, mkebe wa magadi mkononi, wateja wawili wa EPZ wakingoja kwenye benchi.

Nikaketi nikaanza kuchambua mchele. Baada ya muda nikamuuliza, "Mama, makaa siku hizi ni pesa ngapi?"

Akanitazama kama amesikia mtu mwingine akiongea. Akanitajia. Nikatoa simu, nikafungua kikokotoo, na tukaanza kupiga hesabu pamoja: maharagwe yakilowekwa usiku kucha, yanaokoa makaa kiasi gani.

"Ngoja," akasema, akaweka mkebe chini. "Anza tena. Ulisema masaa mangapi?"